Kabati na milango ya vinia ya mjozi: uchague ya enzi ipi?

Shangazi yangu wa Tanga hakutaka simu wala viatu. Nilipomuuliza nimpelekee nini kutoka Birmingham alinijibu, "Mwanangu, mimi nataka kabati. Lile la mbao inayong'aa kama asali, kama lililokuwa kwa meneja wa mkonge." Babu alikuwa mpishi kwenye nyumba hiyo, na shangazi akiwa mtoto alikuwa akipitisha kidole kwenye mlango wa kabati hilo, akifuata mistari ya mbao kutoka juu mpaka chini. Nikamtafutia. Nilipata kabati la nguo la miaka ya 1930, milango miwili, vinia ya mjozi, zuri mno. Masika ya pili baada ya kufika Tanga, vinia ya upande wa chini ikaanza kuinuka kama ganda la kitunguu.

Tangu hapo nimenunua samani kadhaa za aina hiyo, nyingine za kukaa hapa Uingereza na nyingine za kusafirisha, na nimeshinda na mafundi wanaozirekebisha. Ndugu na marafiki huniuliza: nichukue ya kale kabisa, ya zama za Malkia Victoria (1837 hadi 1901), ya miaka ya thelathini au ya miaka ya sitini? Mimi huwauliza kwanza itakaa wapi.

Kwanza, mbao yenyewe

Mjozi ni mti unaozaa jozi, zile kokwa ngumu ambazo ndani yake zina umbo kama ubongo. Wauzaji wa samani huuita walnati. Kuna wa Ulaya, Juglans regia, wa kahawia yenye mistari myeusi na ya kijivu, na kuna mjozi mweusi wa Marekani, Juglans nigra, ulioiva rangi hadi kukaribia chokoleti. Yote miwili hupauka kwa mwanga badala ya kukolea. Ndiyo maana kabati la zamani lina ile rangi ya asali, na ndiyo maana ukiondoa taa iliyosimama juu yake miaka mingi unakuta duara jeusi palipokuwa pamefunikwa.

Kwetu neno vinia limeharibika jina, kwa sababu tuliyoizoea mara nyingi ni karatasi yenye picha ya mbao iliyobandikwa juu ya MDF, ule ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizogandishwa. Vinia ninayoizungumzia hapa ni mbao halisi iliyopasuliwa nyembamba na kugandishwa juu ya mbao nyingine. Mafundi wa zamani walikuwa na sababu nzito ya kufanya hivyo. Sehemu nzuri kuliko zote za mjozi ni nundu zinazoota kwenye shina. Ukizipasua unaona macho macho na mawimbi kama ya maji yanayochemka. Mbao ya nundu ikiachwa nene hupinda na kupasuka, na haipatikani kwa wingi. Ikipasuliwa nyembamba, nundu moja inatosha mlango mzima, na vipande viwili vilivyofuatana vikifunuliwa kama kurasa vinatoa sura moja kushoto na kulia. Hakuna fundi anayeweza kupata sura hiyo kwa mbao nzima.

Ya Malkia Anne na jirani zake

Wanahistoria wa samani huita miaka ya 1660 hadi 1730 hivi enzi ya mjozi nchini Uingereza; Malkia Anne alitawala humo katikati, 1702 hadi 1714. Ilikatishwa na mambo yaliyofuatana. Baridi kali ya 1709 iliua mijozi mingi Ulaya, mwaka 1720 Ufaransa ikapiga marufuku kuuza mjozi nje, na mwaka 1721 Uingereza ikaondoa ushuru kwa mbao za makoloni yake ya Amerika, mahogani ikaingia kwa wingi. Kwa hiyo kabati halisi la zama hizo ni adimu, na bei yake inajua hivyo.

Ubora wake uko kwenye unene. Vinia ilipasuliwa kwa msumeno wa mkono, ikabaki na milimita 1.5 hadi 3. Ukiitazama ukingoni unaiona waziwazi, kama ubao mwembamba kabisa. Unene huo unavumilia kurekebishwa mara nyingi. Kando ya kila droo huwa kuna ukanda wa vipande vya mshazari vinavyokutana katikati kama unyoya, na ndani ya droo mara nyingi ni mwaloni.

Tahadhari ni kubwa hapa kuliko kwingine kote. Miaka ya 1920 na 1930 viwanda vya Uingereza vilitengeneza mitindo ya Malkia Anne kwa maelfu: miguu iliyopinda, nundu, kila kitu. Vilitengenezwa kwa nia njema, lakini leo wapo wanaoviuza kama vya 1710. Mimi mwenyewe muuzaji mmoja aliwahi kunionyesha kabati la droo "la zama za Anne", na nilipotoa droo ya chini nikakuta chini yake ni plaiwudi. Nikamshukuru nikaondoka. Toa droo uitazame pembeni, pale ubavu unapokutana na uso. Meno yanayoumana yakiwa machache, manene, hayalingani, ni kazi ya mkono. Yakiwa mengi na yote sawasawa kama meno ya kitana, ni mashine. Kwa kawaida pia mistari ya ubao wa chini wa droo za zama hizo inatoka mbele kwenda nyuma; baadaye mafundi waligeuza ikaenda kushoto kulia.

Kwa familia ya kawaida, sishauri. Bei ni kubwa, kudanganywa ni rahisi, na ukiwa na watoto nyumbani hutalala.

Ya zama za Victoria

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, nisifiche. Kuanzia miaka ya 1850 hadi 1880 hivi nundu za mjozi zilirudi kwa kishindo. Vinia ilikuwa imeanza kukatwa kwa mashine, ikawa nyembamba zaidi, mara nyingi juu ya mwili wa paini au mahogani. Utapata saidibodi ndefu zenye milango ya kioo na mapambo ya shaba, meza ndogo za kuandikia zenye droo ubavuni, na kile ninachokipenda kuliko vyote: kabati la droo la Wellington, lililopewa jina la Duke wa Wellington, yule jemadari wa Kiingereza aliyemshinda Napoleon kule Waterloo.

Hebu nilieleze. Ni refu na jembamba, droo sita au saba zilizopangana. Ubavuni mwa droo, upande wa kulia kwa kawaida, kuna ubao mwembamba uliosimama, wenye bawaba zake. Ukiufunga unafunika ncha za droo zote, na ufunguo mmoja tu unazifunga zote kwa pamoja. Kwa hati za kiwanja, vyeti vya watoto, kanga za harusi na dhahabu za bibi sijaona samani yenye akili kama hiyo, na inachukua nafasi ndogo ukutani. Kabla ya kununua, funga ubao huo na uvute kila droo. Kama moja inatoka, ubao umepinda au umebadilishwa.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki kuliko wanunuzi wengine. Pete zinazozunguka matundu ya funguo za samani hizi wakati mwingine ni pembe za ndovu, na katika karne hiyo pembe nyingi zilizofika Ulaya zilipitia Zanzibar baada ya kubebwa mabegani mwa watu kutoka bara hadi Bagamoyo. Mimi kila nikiziona huwafikiria wapagazi. Kisheria pia si jambo dogo. Sheria ya Pembe za Ndovu ya Uingereza ya 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, inakataza kuuza vitu vyenye pembe isipokuwa kwa misamaha michache. Samani ya kabla ya 1947 yenye pembe chini ya asilimia 10 lazima isajiliwe kwanza ndipo iuzwe, na kuivusha mpaka kunahitaji vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Muulize muuzaji namba ya usajili. Akisema ni mfupa, tazama kwa karibu: mfupa huwa na vidoa vidogo vyeusi kama alama za sindano. Kama unanunua kwa ajili ya kupeleka nyumbani, tafuta lisilo na kitu hicho kabisa.

Ya miaka ya 1930

Maonyesho ya Paris ya 1925 yalieneza mtindo wa mistari iliyonyooka na pembe za mviringo, na ndani ya miaka michache makabati ya aina hiyo yakajaa nyumba za Waingereza wa kawaida. Ukipita kwenye nyumba za minada leo ndiyo utakayokutana nayo zaidi. Milango mikubwa imefunikwa nundu iliyofunuliwa pande mbili, vishikio ni vya bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, au kromu, na ndani mpangilio wake ni wa ajabu. Baadhi ya makabati ya wanaume yana rafu na droo zenye maandishi madogo yanayosema shati hapa, soksi hapa, kola hapa.

Kwa thamani ya pesa, hakuna inayoyafikia. Watu wengi hapa hawayataki kwa sababu ni makubwa na nyumba mpya zina makabati ya ukutani. Kwenye mnada wa mikoani kabati zuri la nguo linaweza kwenda chini ya pauni 100, na gharama ya kulisafirisha ikazidi bei yake. Kumbuka tu kwamba nyumba ya mnada huongeza ada ya mnunuzi, mara nyingi asilimia 20 hadi 30, pamoja na VAT juu ya ada hiyo.

Udhaifu wake ni ule ulionipata. Vinia ni nyembamba, chini yake mara nyingi ni plaiwudi au mbao laini, na gundi nyingi za kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia hazikustahimili unyevu. Vilevile pima ngazi ya nyumba yako. Makabati mengi ya Victoria hufunguka vipande vitatu, taji, mwili na kitako. Ya 1930 mara nyingi hayafunguki.

Ya miaka ya 1950 na 1960

Baada ya vita gundi za kisasa zilishika nafasi, na hapo ndipo samani za vinia zilipoanza kuvumilia hali ya hewa. Uingereza, chapa ya samani ya G Plan ya kampuni ya E. Gomme ya High Wycombe ilianza mwaka 1953, ingawa msaji ndio uliotawala kuliko mjozi. Mjozi ulitamba zaidi Marekani. Ndugu walioko Minnesota au Texas wataona saidibodi na kabati za droo za kampuni ya Drexel, za Broyhill Brasilia zilizotoka mwaka 1962 zikiwa na matao yanayoigiza majengo ya jiji la Brasília huko Brazil, na za Lane kutoka Altavista, Virginia. Ni nyepesi, fupi, zina miguu inayoruhusu kufagia chini yake, na zinaingia kwenye sebule yoyote.

Mambo mawili. La kwanza, vinia hapa imeshuka kufikia nusu milimita au zaidi kidogo. Usimruhusu fundi aingie na mashine ya msasa. Dakika moja tu na mbao ya chini itachungulia, na hakuna dawa. La pili, kuanzia miaka ya 1960 chipubodi iliingia. Tazama mgongoni, chini ya rafu na kwenye matundu ya skrubu. Ukiona punje punje kama uji wa mahindi uliokauka, ni chipubodi. Ikilowa inavimba na hairudi.

Na kwa yeyote anayenunua sanduku la Marekani la kuhifadhi mashuka, lile la mwerezi ndani na vinia ya mjozi nje: tafadhali soma hapa mara mbili. Masanduku ya Lane na Virginia Maid yaliyotengenezwa kati ya 1912 na 1987 yana kitasa kinachojifunga chenyewe kifuniko kikianguka, na hakifunguki kwa ndani. Watoto wameingia kucheza wakafia humo. Kampuni iliyaita yarudishwe kubadilishwa kitasa, takriban masanduku milioni 12, lakini mengi bado yanazunguka mitumbani na kitasa kile kile. Ukilinunua, fungua skrubu, kitoe kitasa siku hiyo hiyo, kabla halijaingia chumbani.

Vipi kuhusu milango ya nyumba?

Nitasema kwa ufupi kwa sababu uchaguzi wenyewe ni mdogo. Milango ya ndani ya nyumba za Victoria za Uingereza kwa sehemu kubwa ni paini iliyopakwa rangi. Milango ya vinia ya mjozi utaipata zaidi kutoka kwenye majengo ya miaka ya 1930, bapa, isiyo na nakshi, yenye plaiwudi ndani. Ni mizuri kwa chumba cha kulala au maktaba. Haifai kabisa mlango wa nje wala wa bafu, na hapa Uingereza haifai kuwa mlango wa kuingilia fleti, maana huo unatakiwa uhimili moto kwa dakika 30.

Kabla ya kulipa, pima. Mlango wa kawaida wa Kiingereza una urefu wa milimita 1981 na upana wa 762. Nyumba nyingi za kwetu zimejengwa kwa fremu ya futi 7 kwa 3, kwa hiyo mlango huo utabaki mfupi na mwembamba. Huwezi kuurefusha, na kuupunguza pia ni hatari: ukikata zaidi ya sentimita moja hivi unaweza kufikia uwazi uliopo ndani, mlango ukakosa cha kushika skrubu. Ni rahisi zaidi kubadili fremu.

Milango ya makabati ya Kifaransa ni habari nyingine. Mingi ni mjozi mzima, bila vinia, na watu huinunua peke yake baada ya kabati kuvunjika, wakaitumia kama milango ya kabati la ukutani. Kwa mtu wa pwani anayeng'ang'ania mjozi, hiyo ndiyo ningemwelekeza. Hata mafundi wa milango ya nakshi ya Zanzibar na Lamu walichonga mbao nzima, msaji, mvule, mfenesi, na ile milango bado imesimama kwenye upepo wa chumvi.

Namna ninavyokagua

Naenda na tochi, kucha na pua. Tochi nailaza pembeni ya mlango ili mwanga upite juu ya uso. Palipovimba panatoa kivuli. Kisha nagonga taratibu kwa ukucha kuanzia pembe ya chini kwenda juu. Vinia iliyoshika inatoa sauti fupi, kavu. Iliyoachia inatoa sauti ya uwazi, kama kugonga boga. Pembe za chini na kingo ndizo huachia kwanza, kwa sababu ya mopu na maji ya kudekia.

Nageuza droo nitazame matundu ya wadudu. Matundu madogo ya milimita 1 hadi 2 ni ya kawaida kwenye mbao ya zamani, na kama ni ya siku nyingi hayana neno. Nikiona unga mpya, mweupe, umemwagika chini ya tundu, naelewa mdudu bado anakula. Halafu nafungua mlango nanusa. Harufu ya uvundo inamaanisha lilikaa ghalani kwenye unyevu, na gundi yake imechoka hata kama uso unang'aa.

Vipande vidogo vilivyotoka ukingoni haviniogopeshi. Fundi mzuri huziba kwa vinia ya zamani. Kinachonifukuza ni kabati lililopigwa msasa likapakwa vanishi nzito ya plastiki: ile rangi ya asali ya miaka 90 imekwenda na vumbi.

Litakaa wapi?

Kwa anayeishi Ulaya au Amerika Kaskazini, nasema chukua la 1930 kwa nguo na Wellington kwa hati, ukiweza kumudu. Adui yako ni hita. Usiliegemeze kabati kwenye rediata. Ukavu hupasua mwili wa mbao, na vinia ikapasuka pamoja nao.

Kwa anayepeleka Nairobi, Arusha au Mbeya, la Victoria na la 1930 bado linawezekana, mradi lisiguse ukuta wa nje. Safari yenyewe ndiyo mtihani, wiki kadhaa ndani ya kontena la chuma linalochemka mchana. Lisifungwe kwa plastiki moja kwa moja, kwa sababu jasho hubaki ndani. Kwanza blanketi, kisha plastiki iliyoachwa wazi chini.

Kwa pwani, ama mjozi mzima, ama la miaka ya 1960 lenye plaiwudi na gundi ya kisasa. Na usisahau mchwa. Mwili wa paini ni karamu kwao. Wanaweza kula ndani kote wakakuachia vinia imesimama peke yake, ukagundua siku unapoisukuma kwa kidole.

Lile la shangazi halikufa. Tanga kuna fundi mzee aliyefundishwa kazi kwenye karakana ya misheni. Alilowesha kitambaa, akakikamua, akakiweka juu ya vinia iliyoinuka na kupitisha pasi ya mkaa polepole. Gundi ile ya zamani, iliyopikwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, ikilainika kwa joto na unyevu hushika tena. Akaongeza kidogo palipokuwa pakavu, akaweka ubao na mfuko wa mchanga juu yake, akaacha siku mbili. Kisha akalihamishia ukuta wa ndani, akaliinua kwa vigogo vinne vya mvule.

"Mama," akamwambia shangazi, "hili linatibika. Lingekuwa la chipubodi ningekwambia ulipikie maharage."